Sauti za Watu wa Mpaka

Richfield, 9 Novemba 2025

Yaya Perpétue, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu kabla ya yote. Mguu umepona? Uliniambia umevimba tangu ulipoteleza kwenye ngazi za Kadutu, halafu mtandao ukakata, na mimi nikabaki na huo mguu kichwani wiki nzima. Ulisema tuandikiane, na ulisema vizuri. Barua ya kwenye simu inafika hata kama inafika kesho. Kupiga ni kusema "allô, allô" mara kumi na mbili na kulala na hasira.

Mimi mzima. Mgongo ni ule ule; tangu niache kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali sijainua kitu kizito kuliko sufuria. Mwanangu Joyeuse na mume wake wako salama kule Apple Valley. Wajukuu wanarefuka. Nikiwasalimia Kiswahili wananielewa, halafu wananijibu Kiingereza kwa adabu kubwa, kama mtu anavyomjibu daktari.

Nikuambie kweli, Yaya, upweke umenikalia. Huu ni mwaka wa tatu tangu mama Joyeuse atutoke. Kuna siku neno langu la kwanza linatoka saa kumi jioni, na naiambia mashine ya kulipia dukani.

Sasa cheka kidogo. Jirani wa chini, mzee wa Kimarekani anayeitwa Duncan, amehamia kwa mwanawe, na ameniachia redio. Si redio ya habari. Hii inapita masafa moja baada ya jingine, na pale inapokuta mtu anazungumza inasimama, unamsikia. Hapa kuna watu mchezo wao ndio huo, kama wengine wanavyofuga njiwa. Duncan alipenda kusikiliza watu wa mpaka, idara ya serikali inayokagua wanaoingia nchini. Ameniachia na daftari lake lote: masafa, majina wanayoitana, saa wanazoamka. Aliniambia kusikiliza ukiwa kwako si kosa. Maneno yao mengi yamefungwa kwa msimbo, unasikia kelele tu, kama mafuta kwenye kikaango. Lakini mara moja moja mtu anasahau kufunga, na sauti inatoka wazi. Anauliza gari liko wapi. Anamwambia mwenzake amletee kahawa.

Siku ya kwanza niliposikia mtu anaita, anangoja, na mwingine anajibu, nililia. Nilikumbuka foni ya parokia. Wewe kwenye redio ya kituo cha afya cha Walungu, mimi kwenye ile ya misheni ya Bunyakiri, kila asubuhi saa moja kamili, tunapokezana habari za wagonjwa, za wafu na za magunia ya chumvi. Miaka kumi na moja, Yaya. Hakuna mtu niliyewahi kuzungumza naye sana kuliko wewe, na tulikuwa hatuonani.

Nisalimie majirani wote.

Mdogo wako,
Anicet


Bukavu, 16 Novemba 2025

Mdogo wangu Anicet,

Salamu nyingi. Barua yako imefika siku tatu baadaye, nikaisoma nimesimama kwenye foleni ya maji. Mguu umeshuka. Nautembeza asubuhi kama mbuzi, jioni naulaza. Mengine ya mji huu unayasikia kwenye habari, sitayaandika. Tunaamka, tunasali, tunauliza jirani kama kuna unga.

Hebu niulize. Mpaka gani huo katikati ya nchi? Ulinionyesha ramani ulipoondoka, nikaona Minneapolis, huo mji wako, iko ndani kabisa. Au Wamarekani wana mpaka wa kila mtaa? Nimemwuliza mtoto wa jirani, akaniambia uwanja wa ndege nao ni mpaka, na Kanada haiko mbali. Haya, nimekubali. Lakini mzee wa miaka sitini na mitatu kukaa dirishani akisikiliza watu wakiomba kahawa! Ungetafuta mjane, Anicet. Wanawake wa kanisa lako wote wamekufa?

Natania. Najua unatafuta nini humo. Mimi nami saa moja asubuhi masikio yangu bado yanasimama yenyewe, na hiyo foni waliing'oa siku nyingi.

Kwa kuwa ni mimi niliyekufundisha, nikukumbushe kazi. Ulikuwa na sikio zuri na mkono mbaya. Ulipenda sentensi ikamilike. Unakumbuka Padri alivyokurudishia daftari? Pale ambapo hukusikia, weka vistari. Usiweke unachodhani. Mtu wa foni habuni, hata kama mwenye ujumbe amesimama mlangoni analia.

Kula vizuri. Vaa soksi mbili.

Yaya yako,
Perpétue


Richfield, 14 Desemba 2025

Yaya mpendwa,

Natumaini mguu unakupeleka kanisani na kukurudisha. Huku baridi imeanza kuuma masikio, lakini leo nakuandikia nikiwa na furaha, na ni siku nyingi hujasikia neno hilo kutoka kwangu.

Wiki mbili zilizopita, asubuhi, redio ilisimama. Mtu wa mpaka alizungumza wazi kabisa, maneno mazima: magari matatu yatakuwa kwenye maegesho ya duka fulani hapa Richfield kuanzia saa nne. Wewe unajua sheria yetu ya foni. Ujumbe uliousikia si wako, una mwenyewe, na lazima umfikie hata kwa miguu. Nikafikiria watu wa kanisa letu. Wengi wetu karatasi zetu zimekamilika, mimi mwenyewe ni raia tangu miaka sita. Lakini wapo ambao bado wako kwenye meza ya jaji, na siku hizi watu wa mpaka wanakamata hata barabarani, hao hawalali. Nikaandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa yale niliyosikia, neno kwa neno. Saa nne magari yalikuwepo. Matatu.

Yaya, simu yangu ililia siku hiyo kuliko mwaka mzima! Watu walinipigia hata kutoka Saint Paul. Jumapili waliponiona mlangoni walipiga makofi, wakaniita Baba Foni. Mama mmoja wa kwaya, Bernardine, mjane kutoka Uvira, alinipa sombe ya majani ya muhogo kwenye ndoo ya aiskrimu. Anaishi Coon Rapids, kaskazini, na mwanawe Mugisha. Mama huyo figo zake zimekufa. Mara tatu kwa wiki anakwenda kwenye mashine ya kusafisha damu, na Mugisha ndiye dereva wake. Naye ni mmoja wa hao wa meza ya jaji. Alinishika mkono akasema, "Papa Anicet, we njo macho yetu sasa." Nilirudi nyumbani na joto la mkono wake mfukoni.

Tangu hapo nimewapa habari mara nne zaidi. Kila asubuhi kuna anayepiga: "Papa, barabara iko aje leo?" Nakunywa chai nikiwajibu mmoja mmoja. Sasa nimejua kwa nini Mungu aliniachia masikio wakati amenichukulia mgongo.

Na mjane usinitafutie. Ndoo ya sombe nimeirudisha safi, na ndani nimeweka machungwa. Basi.

Mdogo wako mwenye kazi,
Anicet


Bukavu, 2 Januari 2026

Anicet mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya, na Mungu akulinde kwa mgongo na kwa kifua. Hapa Noeli ilikuwa ya kimya. Nilichinja kuku mmoja kati ya saba, nikamgawia jirani nusu kwa sababu nyumba nzima ni mimi.

Nimefurahi, nisikufiche. Barua yako ilikuwa na sauti yako ya zamani. Machungwa nimeyasikia pia.

Ila nina neno moja, na wewe ujue ni la dada, si la mwivu. Foni ya parokia ilikuwa na pande mbili. Ukinipa ujumbe nilikurudishia wote, ukasema sawa, ndipo nikautuma kwa miguu ya mtu. Hao watu wako wa mpaka hawajui kama upo. Huwezi kuwaambia warudie. Kwa hiyo unachoshika ni nusu ya kamba, na watu wanaifunga kwenye ndoo ya kisima.

Na siku ambazo redio haisemi kitu, unawaambia nini? Waambie haisemi kitu. Hata hilo ni ujumbe.

Soksi mbili, nimesema.

Yaya yako,
Perpétue


Richfield, 27 Januari 2026

Yaya,

Salamu. Natumaini mzima. Mimi mzima.

Nisamehe kuchelewa. Huku kuna baridi ambayo hata gari linaikataa. Mama Bernardine yuko hospitali, ndani kwenye chumba cha mahututi. Jana asubuhi alishindwa kupumua, miguu imejaa maji mpaka magotini, na moyo ukaanza kuruka. Mugisha aliita gari la wagonjwa. Mama alikuwa amekosa mashine mara mbili, Alhamisi na Jumamosi, kwa sababu nilikuwa nimetoa tahadhari kuhusu Coon Rapids na hawakutoka.

Watu wote wanawalaani watu wa mpaka. Jana tulisali kwa simu, watu arobaini, na mchungaji akanitaja, akamshukuru Mungu kwa mlinzi wa kanisa. Mimi niliwaonya tu. Mtu akisikia hatari anafanya nini, si anaonya?

Simu inalia sana, siipokei. Nimechoka. Nitaandika vizuri siku nyingine.

Mdogo wako,
Anicet


Bukavu, 29 Januari 2026

Anicet,

Nimekuwa mkunga na muuguzi miaka thelathini na nne, kwa hiyo hukuhitaji kunieleza miguu iliyojaa maji. Mtu wa mashine akikosa mara mbili mfululizo anazama akiwa kitandani kwake. Namwombea huyo mama.

Barua yako haina hata swali la mguu wangu. Umeandika "natumaini mzima" kama karani. Na umesema "tahadhari" bila kusema tahadhari yenyewe.

Niandikie neno kwa neno ulichosikia siku ile kwenye redio, na neno kwa neno ulichowaandikia watu. Viweke vyote viwili, kimoja pembeni ya kingine.

Yaya yako,
Perpétue


Richfield, 8 Februari 2026

Yaya Perpétue,

Nimeanza barua hii mara sita. Mguu wako hujambo? Nauliza kwa kweli.

Ulitaka neno kwa neno. Ilikuwa Jumatano, tarehe 21, asubuhi. Nilichosikia ni hiki: kelele, halafu "kaskazini", halafu kelele ndefu, halafu "magari mawili", kelele, "Alhamisi". Basi. Maneno manne, Yaya. Coon Rapids haikutajwa.

Nilichoandika kwenye kikundi ni hiki: "Nimesikia kwa masikio yangu, watu wa mpaka watakuwa Coon Rapids, upande wa hospitali, kuanzia kesho Alhamisi mpaka Jumamosi. Ambao karatasi zao hazijaisha wasitoke."

Ungekuwa wewe ungeweka vistari. Mimi nilijaza. Na usidhani nilijaza kwa hofu. Redio ilikuwa imenyamaza siku sita, na simu nayo ilinyamaza siku sita. Hakuna aliyeuliza barabara ikoje. Nilikuwa nimekula wali peke yangu nikitazama ndege zinatua, mpaka nikaanza kuhesabu zenye mkia mwekundu. Ile redio iliposimama nilishukuru, nikaandika kabla kelele hazijaisha. Ndani ya dakika mbili simu ililia.

Kuna kibaya zaidi. Saa tisa mchana siku hiyo hiyo sauti ile ile ilirudi, na safari hii ilikuwa safi kama ya mtu aliyekaa kwenye kiti changu. Walikuwa wanapanga kupeleka magari mawili kaskazini kubadilishwa matairi. Alhamisi, saa tatu. Matairi, Yaya. Nilielewa palepale. Nilikuwa na simu mkononi. Lakini watu kumi na saba walikuwa wameshanishukuru, na niliona aibu kuandika kwamba Baba Foni amewafungia watu ndani kwa ajili ya matairi. Nikasema moyoni, siku tatu za kukaa ndani zitamuua nani?

Saa moja jioni Mugisha akanipigia. Akaniuliza, "Papa Anicet, Mama iko na mashine kesho na samedi. Tuende ao tusiende? Njo nakuuliza wewe, sina mwingine wa kuuliza."

Nikamwambia, "Msitoke."

Hakuna anayejua isipokuwa wewe. Bernardine ametoka mahututi lakini yuko bado hospitali, wanasema moyo wake umeharibika kidogo na hautarudi ulivyokuwa. Kanisa linaniletea chakula. Juzi waliniletea pondu na samaki, wakasema nisijilaumu, mimi nimefanya kazi ya Mungu. Nimekaa na sahani hiyo mbele yangu mpaka ikapoa.

Nikisema, nitarudi kuwa yule wa zamani, wa mashine ya dukani. Nisiposema, naona sitaweza kula cha mtu tena. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Anicet


Bukavu, 9 Februari 2026

Anicet,

Barua yako imefika leo leo, sijui mtandao umepata huruma gani. Nimeisoma mara mbili kwa sauti kama ujumbe wa foni, nikitumaini nilisoma vibaya.

Unaniuliza ufanye nini, na umeshajua. Nenda kwa Mugisha. Kwa miguu yako, si kwa simu. Mwambie kaskazini, magari mawili, Alhamisi, mwambie matairi, mwambie uliyajua saa tisa na yeye alikupigia saa moja. Usiweke Mungu hapo katikati. Usimwambie habari za upweke wako pia, hizo niandikie mimi. Kisha kaandike kwenye hicho kikundi, kwa sababu kesho mtu mwingine atashindwa kwenda kazini au shuleni kwa neno lako.

Nina hasira na wewe. Nilikufundisha vizuri. Mama wa watu amekaa siku sita na sumu kwenye damu kwa sababu ulitaka simu ilie. Ungenipigia mimi! Ungesema "allô, allô" na mimi ningesema "allô, allô", hata bila kusikilizana.

Nenda kabla hujanijibu.

Perpétue


Bukavu, 1 Machi 2026

Mdogo wangu Anicet,

Salamu. Mguu wangu mzuri kabisa, kama unataka kujua. Leo ni siku ya ishirini sijapata neno lako.

Sikuweka "yaya yako" mwishoni mwa barua ile. Niliona baada ya kuituma, na nimeshindwa kuirudisha. Nilikuwa mkali na bado naona nilikuwa sahihi, lakini nyumba hii ina mimi na kuku sita, na mtu wa mwisho anayejua nilivyokuwa na sauti ya kijana ni wewe. Sikutaka kukufukuza. Kama hujaenda, sema hujaenda. Kama umekwenda na wamekupiga, sema wamekupiga. Nimemwuliza Joyeuse kwa ujumbe, akaniambia uko mzima ila hupendi kuzungumza.

Saa moja asubuhi kila siku naangalia simu. Niandikie hata vistari.

Yaya yako,
Perpétue


Richfield, 29 Machi 2026

Yaya wangu Perpétue,

Shikamoo ya kweli kweli. Nashukuru Mungu kwa mguu wako, na nisamehe kwa siku hizi zote. Uliniambia niende kabla sijakujibu. Nilichelewa kwenda, ndiyo maana nimechelewa kukujibu.

Nilikwenda tarehe 7 mwezi huu. Bernardine alikuwa amesharudi nyumbani. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha dirishani na blanketi magotini, amepungua, mikono imebaki mifupa. Mugisha alifurahi kuniona! Alikwenda kuchemsha maji ya chai. Nilimfuata jikoni na kusema yote, kwa mpangilio ulionipa. Sikumtaja Mungu. Nyumba yao ni ndogo, najua mama alisikia kila kitu.

Mugisha alizima jiko. Alinitazama kama mtu anayetafuta jina langu. Kisha akasema, "Toka."

Nilitoka. Lakini kioo cha gari kilikuwa kimeganda, nikakaa ndani, nikawasha moto wa gari, nikangoja kiyeyuke. Labda dakika ishirini. Nikaona Mugisha anakuja bila koti, amevaa ndala kwenye theluji. Akagonga dirisha.

"Papa Anicet. Uko citoyen, raia wa hapa, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

"Gari yako inatembea muzuri?"

Nikasema ndiyo.

"Basi mardi unakuya kumutwaa Mama. Mardi, jeudi, samedi, saa mbili ya asubuhi. Mimi nikiwa kwenye barabara naogopa, na yeye anaona naogopa, na inamusumbua. Sikukusamehe. Usifikiri nimekusamehe. Lakini Mama hawezi kungojea mpaka nikusamehe."

Akarudi ndani. Yaya, niliendesha mpaka nyumbani nikikosa njia mara mbili.

Siku hiyo hiyo niliandika kwenye kikundi. Wengine walijibu kwa maneno ambayo sitayarudia, mmoja alisema mimi ni mchawi. Wengi hawakujibu. Mchungaji alikuja, tulisali, hakukaa. Tangu hapo simu yangu imelia mara tatu: mbili ni Joyeuse, moja ni mtu aliyekosea namba, na nilimweka kwenye mazungumzo kidogo kabla sijamwambia amekosea. Jumapili nakaa kiti cha nyuma. Ndoo ya sombe hairudi tena kwangu, na ni haki.

Redio bado iko. Masafa ya watu wa mpaka nimeyafuta, na lile daftari la Duncan nimelitupa. Nimebakiza ya magari yanayokwangua theluji, ili nijue barabara ipi imefunguliwa, kwa sababu kutoka hapa mpaka Coon Rapids ni mwendo wa nusu saa na zaidi. Siku za zamu, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, naamka saa kumi na moja. Nafika, nashuka, namfungulia mlango, nambebea mkoba. Nampeleka, namngoja muda wa saa nne kwenye ukumbi, namrudisha. Ni wiki ya tatu sasa. Hajaniambia neno hata moja. Hanitazami. Anatazama nje, na nikimsalimia anafunga macho. Unaweza kufikiri nimezoea kukaa kimya, mimi wa nyumba tupu, lakini kimya cha mtu aliyekaa karibu yako kinakaba zaidi. Nilitaka kumwambia mengi. Nimekumbuka ulivyonionya kuhusu upweke wangu, nimenyamaza.

Hiyo ndiyo habari yangu, haina pengo.

Mdogo wako,
Anicet


Bukavu, 3 Aprili 2026

Anicet mdogo wangu,

Nimeipata. Nimeisoma. Nimelia kidogo halafu nikapika.

Endelea kuendesha. Asipokusemesha mwaka mzima, endesha mwaka mzima. Ukumbini kula kitu, usikae saa nne na njaa, wewe si kijana. Na mtu akitoka kwenye mashine huwa anahisi baridi, kwa hiyo washa moto wa gari kabla hajatoka. Angalia pia kwamba mkono wenye mshipa wa mashine usibanwe na mkanda.

Pasaka njema. Mimi nitakaa na jirani, ametaka nimletee kuku wa pili. Wamebaki watano.

Yaya yako anayekupenda,
Perpétue


Richfield, 16 Aprili 2026

Yaya wangu,

Salamu, na pole kwa kuku. Leo barua ni fupi, naandika kwenye ukumbi wa mashine wakati nangoja, sikutaka kungoja mpaka nyumbani.

Theluji imekwisha na sasa wamechimbua barabara kuitengeneza. Njia moja imefungwa, magari yamejipanga mpaka mtoni. Sikujua, redio haikusema. Nilipofika Coon Rapids sikumkuta dirishani. Alikuwa amesimama nje mlangoni na kigongo chake, koti amelifunga mpaka shingoni, mkoba mkononi, anatazama upande wa barabara ninaokuja nao. Nikamfungulia, nikamfunga mkanda juu ya mkono ule mwingine kama ulivyosema. Tukaondoka. Tulipofika kwenye taa za kwanza, nyekundu, akafungua mdomo.

Akasema, "Umechelewa dakika tano."

Nikamwambia, "Samahani, Mama."

Mpaka tunafika hapa alikuwa anatazama nje kama siku zote. Sisemi amenisamehe, na wewe usiseme. Lakini mtu alikuwa amesimama mlangoni kwake, Yaya, anatazama saa, anajiuliza Anicet yuko wapi.

Jumamosi nitatoka mapema zaidi.

Mdogo wako,
Anicet